Hewa tumboni wakati wa nusukaputi: tumbo lipi, na hewa ipi?

Swali: "Assalamu alaikum daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 54, nasi tunaishi Lamu. Ana mawe kwenye mfuko wa nyongo na amepangiwa upasuaji wa matundu madogo Mombasa mwezi ujao. Ni mnene kiasi, ana kisukari anachokitibu kwa vidonge, na usiku anakoroma. Jirani yetu alifanyiwa upasuaji kama huo mwaka jana akarudi na tumbo lililotuna na maumivu ya bega, na mwanawe akatuambia kwamba waliomlaza kwa nusukaputi, yaani usingizi wa dawa, walimpuliza hewa tumboni kwa barakoa kabla ya kumpasua. Je, lile lilikuwa kosa? Kwa nini mtu apulizwe hewa akiwa amelala? Si afadhali mama apasuliwe kwa njia ya zamani, au adungwe sindano ya mgongo, ili aepukane na hiyo barakoa?"

Waalaikumussalam, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake mna mambo mawili yaliyovishwa kanzu moja, na aliyeyavisha ni lugha yetu wenyewe. Tunasema "tumbo" tukikusudia kile kifuko ambamo chakula huangukia baada ya kumezwa, na tunasema "tumbo" hilohilo tukikusudia sehemu yote ya mwili kuanzia chini ya mbavu hadi nyonga, pamoja na ini, utumbo na kila kilichomo. Mtu akiambiwa wodini kwamba hewa iliingia tumboni, hana njia ya kujua ni tumbo lipi linalosemwa. Katika jibu hili, kile kifuko nitakiita mfuko wa chakula, na nafasi inayozunguka viungo vyote nitaiita uwazi wa tumbo. Tukishatenganisha hayo mawili, nusu ya hofu yako itakuwa imeondoka.

Nianze na jirani. Tumbo lililotuna na bega linalouma baada ya upasuaji wa matundu madogo, kwa kawaida havitokani na barakoa hata kidogo. Daktari wa upasuaji hawezi kuona wala kufanya kazi ndani ya uwazi wa tumbo ukiwa umelala bapa, viungo vikigusana kama nguo zilizokunjwa kabatini. Kwa hiyo huingiza hewa ya ukaa kupitia tundu dogo, mara nyingi kitovuni, mpaka ukuta wa tumbo unyanyuke kama hema, na mashine huishikilia hewa hiyo kwenye kanieneo, yaani nguvu ya msukumo, ya milimita 12 hadi 15 za zebaki. Hewa ya ukaa ilichaguliwa kwa sababu mbili za maana: haishiki moto pale daktari anapotumia umeme kukata na kufunga mishipa, na huyeyuka upesi katika damu ikapelekwa mapafuni na kupumuliwa nje. Mwishoni huachiliwa itoke, lakini haitoki yote. Kiasi kinachobaki, pamoja na mvutano ulioupata ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, huukera mshipa wa fahamu unaoanzia shingoni, mahali palepale inapotoka mishipa ya fahamu ya ngozi ya bega, na ubongo hudhani bega ndilo linalolalamika. Maumivu hayo huisha yenyewe, aghalabu ndani ya siku 2 au 3. Jirani yenu, kwa nilivyoyasoma maelezo yako, hakufanyiwa kosa. Alifanyiwa upasuaji huo kama unavyofanywa kila siku.

Sasa tuje kwenye barakoa, ambayo ni habari nyingine kabisa, na hewa yake ni nyingine.

Mama atakapolala juu ya meza ya thieta, kitu cha kwanza atakachowekewa usoni akiwa bado macho ni barakoa ya oksijeni, naye ataombwa avute pumzi kwa utulivu kwa muda wa dakika 3 hivi. Hapo hapulizwi na mtu, anapumua mwenyewe. Dakika hizo 3 wagonjwa wengi huziona kama adabu tu, au kama ndiyo dawa yenyewe ya usingizi, ilhali ndizo akiba ya maisha yao. Hewa hii tunayoivuta barazani ina oksijeni asilimia 21 tu. Mapafu ya mtu mzima, baada ya kutoa pumzi ya kawaida, hubakiwa na takriban lita 2 na nusu za hewa, na mwili uliotulia hutumia kama mililita 250 za oksijeni kwa dakika. Piga hesabu: akiba ya hewa ya kawaida haifiki hata robo ya ile ambayo mapafu yangekuwa nayo yakijazwa oksijeni tupu. Mtu mwenye afya asiyejaziwa huanza kuishiwa baada ya dakika 1 au 2 za kutopumua, na aliyejaziwa vyema anaweza kufika karibu dakika 8. Kwa mtu mnene muda huo hupungua sana, kwa kuwa tumbo likimlalia huyabana mapafu na akiba yenyewe inakuwa ndogo.

Halafu hutiwa mshipani dawa ya usingizi, ambayo siku hizi mara nyingi ni propofoli, nyeupe kama tui la kwanza, na baada yake dawa ya kulegeza misuli. Hapo pumzi hukoma. Hili watu hawaambiwi, na nafikiri waambiwe: katika nusukaputi ya namna hii mgonjwa hasinzii tu huku akiendelea kupumua, bali anaacha kupumua kabisa, na mtu mwingine anapumua kwa niaba yake. Dawa nyingi za kulegeza misuli huchukua dakika 2 au 3 kabla ya kuzilegeza nyuzi za sauti kiasi cha kuuruhusu mpira wa kupumulia upite kooni bila kuumiza. Ni katika dakika hizo, kati ya pumzi kukoma na mpira kuingia, ndipo anayemlaza mgonjwa hushika barakoa kwa mkono mmoja na kubonyeza mfuko wa oksijeni kwa mkono wa pili.

Kooni kuna njia mbili: mbele ni njia ya hewa, nyuma ni umio uendao kwenye mfuko wa chakula. Hewa inayopulizwa haina akili ya kujua ielekee wapi, hufuata njia iliyo rahisi zaidi. Kinachoizuia isiende nyuma ni msuli wa mviringo uliofunga mlango wa mfuko wa chakula, kama kamba iliyokaza mdomo wa kikapu, na msuli huo nao hulegea kwa kiasi mtu akilazwa. Anayepuliza kwa nguvu ndogo, hewa yake yote huingia mapafuni. Akivuka kiwango fulani, ambacho kwa watu wengi ni kati ya sentimita 15 na 20 za maji, ule mlango huanza kufunguka na hewa ikapenya. Ukitaka kukijua kiwango hicho kwa mdomo wako mwenyewe, chukua jagi refu la maji na mrija, uzamishe mrija sentimita 15, yaani nusu ya rula ya shuleni, kisha upulize taratibu mpaka mapovu yaanze kutoka. Nguvu hiyo ndogo, isiyokufanya hata uvimbishe mashavu, ndiyo mpaka wenyewe. Ajabu ni kwamba haitofautiani sana na ile kanieneo ya hewa ya ukaa niliyoitaja juu, ambayo ukiigeuza kuwa sentimita za maji inakuwa kati ya 16 na 20.

Kwa hiyo ufundi wote uko mkononi. Kidole gumba na cha shahada huizunguka shingo ya barakoa na kuikandamiza usoni, vidole vitatu vilivyobaki hushika mfupa wa taya na kuuvuta juu, na mkono wa pili hubonyeza mfuko polepole, kiasi cha kifua kuinuka kidogo tu, huku jicho likisoma kipimo cha kanieneo kwenye mashine. Ninapowafundisha vijana, husimama nikivitazama vidole vyao: vikibadilika rangi kwa kukaza, najua wanaisukuma barakoa chini kuelekea usoni badala ya kuliinua taya kuielekea barakoa, na hapo ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa huziba, nao kwa hofu huongeza nguvu ya kubonyeza. Nguvu hiyo yote huishia kwenye mfuko wa chakula. Nalijua kosa hilo kwa kuwa nimelifanya. Katika mwaka wangu wa kwanza, hospitali sitaitaja, nilimpulizia mzee mmoja asiyekuwa na meno, barakoa ikivuja mashavuni, nami nikizidi kubonyeza. Kamera ilipoingia, daktari wa upasuaji hakuuona mfuko wa nyongo. Aliona kitu kama puto la kijivu kimejaa kioo kizima. Hakugomba. Aliweka vyombo chini, akanitazama juu ya miwani yake na kusema, "Daktari, tafadhali nitolee hewa yako." Nilipitisha mpira mwembamba mdomoni hadi kwenye mfuko wa chakula, nikafyonza, na puto likanywea mbele ya macho yetu kwenye skrini.

Basi, je, hewa kidogo katika mfuko wa chakula ni kosa? Jibu langu ni la, si kosa kwa maana ya uzembe. Hutokea hata mikononi mwa mabingwa, hasa mgonjwa akiwa mnene, akiwa anakoroma, akiwa na ndevu nyingi, au akiwa hana meno. Lakini si jambo la kupuuzwa pia, na katika upasuaji wa matundu madogo lina uzito zaidi, kwani mfuko wa chakula ni jirani wa karibu wa mfuko wa nyongo na ukivimba unaziba mandhari. Zaidi ya hapo, wapo madaktari wanaoingizia sindano ya kwanza chini ya mbavu za kushoto badala ya kitovuni, hasa kwa mgonjwa aliyewahi kupasuliwa tumbo, na mfuko wa chakula uliojaa hewa hujitokeza mahali hapohapo na unaweza kudungwa. Ndiyo maana ni desturi njema kupitisha ule mpira wa kufyonza mara tu mpira wa kupumulia unapokaa sawa, kabla ya sindano yoyote ya daktari wa upasuaji. Mama akiamka koo likimwasha siku moja au mbili, mipira hiyo miwili ndiyo sababu.

Kuna hatari ya tatu, nayo ndiyo iliyojenga kanuni zetu nyingi. Mfuko wa chakula uliotuna unaweza kucheua kilichomo, na mtu aliyelazwa hawezi kukohoa. Mwaka 1946 daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza habari za wanawake waliokuwa wakijifungua chini ya nusukaputi na kuvuta matapishi mapafuni: 66 kati ya uzazi zaidi ya 44,000. Mwaka 1961 Brian Sellick wa London akapendekeza msaidizi abonyeze gegedu la shingoni ili kuufunga umio wakati mgonjwa anapolazwa. Mbinu hiyo bado inatumika mahali pengi, ingawa wataalamu hawajakubaliana kama inasaidia kweli, nami si miongoni mwa wanaoitetea kwa moyo wote, maana mkono usiojua mahali pake huiziba njia ya hewa yenyewe.

Swali lako la kwa nini tusiache tu kupuliza ni swali zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu njia hiyo ipo. Mgonjwa mwenye hatari ya kucheua hujaziwa oksijeni vizuri, akapewa dawa ya usingizi na ile ya kulegeza misuli inayofanya kazi ndani ya dakika 1 hivi, kisha mpira ukaingizwa haraka, bila kupulizwa au kwa kupulizwa taratibu mno. Kwa mama yako mizani haikai upande mmoja. Kisukari cha miaka mingi huweza kuuchelewesha mfuko wa chakula kumwaga kilichomo, na hilo linavuta upande wa kutopuliza. Unene na kukoroma vinafupisha ile akiba ya oksijeni, na hilo linavuta upande wa kupuliza. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliohusu wagonjwa mahututi 401, ulionyesha kwamba waliopulizwa kwa barakoa kabla ya kuwekewa mpira hawakuishiwa oksijeni sana kama wasiopulizwa, wala haikuonekana kwamba walicheua zaidi. Wagonjwa wale hawakuwa kama mama yako, anayekwenda kwa upasuaji uliopangwa, kwa hiyo sitaupa uzito kupita kiasi, lakini umetupunguzia woga wa kupuliza kwa upole. Ningekuwa mimi ninayemlaza, ningeinua kichwa cha kitanda, ningemjazia oksijeni bila haraka, ningemwita mwenzangu ashike mfuko ili mikono yangu yote miwili ibaki kwenye barakoa, na nisingevuka sentimita 15. Huyo atakayemwona ana kwa ana na kumpima shingo na mdomo anaweza kuamua vingine, naye ndiye wa kusikilizwa.

Kuhusu upasuaji wa njia ya zamani: hautamwepusha na barakoa. Kukata chini ya mbavu kunahitaji nusukaputi ileile, dakika zilezile za kupulizwa na mpira uleule, na juu ya hayo kidonda kirefu kinachouma kila anapovuta pumzi, kwa mwenye kisukari ambaye vidonda vyake hupona polepole. Sindano ya mgongo nayo ni nzuri mno kwa upasuaji wa uzazi au wa mguu. Kwa mfuko wa nyongo zipo hospitali zilizowahi kuitumia, lakini ganzi yake inabidi ipande juu sana, na hewa ya ukaa humsumbua aliye macho kwa bega na kwa pumzi. Singempendekezea mama.

Jambo ambalo ninyi nyumbani mnaweza kulifanya, na ambalo lina nguvu kuliko ufundi wowote wa mkono wangu, ni kufunga kwa namna inayotakiwa. Kufunga huku si kama saumu, ambapo mtu hula daku nzito ili imchukue mchana kutwa. Wagonjwa wangu wa pwani hukosea hapo kila mara: huambiwa wasile kuanzia saa fulani, basi saa hiyo ikikaribia hujipakulia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Chakula chepesi kinahitaji muda wa saa 6 kabla ya kutiwa usingizi, na kilichokaangwa au chenye mafuta mengi, mahamri yakiwemo, kinahitaji saa 8. Maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla ya kutiwa usingizi, na kahawa tungu pia, lakini chai ya maziwa huhesabiwa kama chakula. Hospitali inaweza kuwa kali zaidi kwa mtu mwenye kisukari, na hapo fuateni neno lake. Vidonge vya sukari msijiamulie wenyewe: vingine huachwa asubuhi ya upasuaji tu, vingine husimamishwa siku kadhaa kabla. Nendeni na pakiti zenyewe, msitegemee kukumbuka majina.

Siku ya kuonana na daktari wa usingizi, mama aseme mwenyewe kwamba anakoroma, na wewe uongeze kama umewahi kumsikia pumzi ikikatika usingizini. Aseme kama ana kiungulia kinachompanda akilala, kama ana meno ya bandia au yanayotikisika, kama anachoma sindano za kupunguza uzito, na kama kuna mtu wa ukoo aliyepata tatizo katika nusukaputi. Aseme pia kama hutapika kwenye boti. Hili watu hucheka nikiliuliza, lakini mwanamke asiyevuta sigara anayechafukwa na bahari huwa na uwezekano mkubwa wa kutapika baada ya nusukaputi, na akijulikana mapema hupewa dawa za kuzuia kabla hajaamka. Kutapika huko, kwa njia, watu hukuhusisha na hewa ya barakoa, ilhali sababu kubwa zaidi ni mwili wenyewe na dawa kali za maumivu.

Baada ya upasuaji tarajieni tumbo kujaa kwa siku chache, bega kuuma na mbeuo za hapa na pale. Kutembea polepole kunasaidia. Yasiyotarajiwa ni haya: maumivu ya tumbo yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu kama ubao, homa, macho au mkojo kugeuka manjano iliyokolea, kutapika kusikokoma, kutotoa upepo wala choo kwa siku 2 huku tumbo likizidi kuvimba, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuzirai, au pumzi kuwa fupi pamoja na kikohozi saa chache baada ya kuamka. Lolote kati ya hayo si la kungojea miadi wala kuulizia kwa simu. Ni la kupelekwa hospitalini saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Na hapa ndipo ninapoomba jambo kwa sababu ya mahali mnapoishi. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni safari ndefu ya Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti, na dalili nyingi nilizozitaja hujitokeza katika siku 3 au 4 za mwanzo. Kama mna jamaa Mombasa, au hata hapa Malindi, mama akae kwao mpaka siku hizo zipite na daktari wa upasuaji amtazame tena. Kabla ya kuondoka wodini ombeni karatasi inayoeleza alivyolazwa, hasa kama barakoa ilikuwa rahisi au ngumu kwake na mpira ulipita kwa urahisi gani, muihifadhi pamoja na kitambulisho chake. Atakayemlaza mara nyingine, Mungu akimjalia umri mrefu, ataisoma karatasi hiyo kabla ya kitu kingine chochote.